Masta ya uinjinia wa ujenzi, maji na mazingira: ubaki Tanzania, uende vyuo vya Umoja wa Afrika, Ulaya au Marekani?

Hii ni kwa mainjinia wa huku Nyanda za Juu Kusini waliomaliza degrii ya kwanza ya ujenzi, maji au mazingira na sasa masta inawakosesha usingizi. Wengine mko TARURA ya barabara za vijijini na mijini, wengine RUWASA ya maji vijijini, wengine mko saiti kwa mkandarasi, wengine bado mnazungusha bahasha Mbeya mjini. Swali ninalokutana nalo kila mara ni "kaka, Ujerumani au Marekani?" na mimi huwa nawarudisha nyuma kwanza, manake nchi ndo kitu cha mwisho kuchagua. Anza na tatizo unalotaka kulishughulikia, halafu uliza nani atalipa. Ukishajibu hayo mawili, suala la nchi linakuwa jepesi.

Na matatizo tunayo, hatuna haja ya kwenda kuyatafuta mbali. Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, juu kule Usangu kuna mashamba ya mpunga na mifugo, chini Mtera na Kidatu zinasubiri maji ya kuzungusha mitambo. Barabara ya TANZAM inabeba malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana, angalia sehemu za kupandisha uone lami ilivyolala mabonde mawili ya matairi, kwa sababu lori lililojaa likipanda taratibu linaikandamiza lami muda mrefu, na jua likiwaka lami inalainika inasogea. Chunya wachimbaji wadogo wanakamatia dhahabu kwa zebaki. Rungwe udongo ni wa majivu ya volkano. Kila moja hapo ni thisisi, na ni thisisi ambayo wewe unaijua kwa miguu yako kuliko profesa yeyote aliyeko nje.

Vigezo kwanza

Nitatumia vigezo vitano na nitavirudia kwa kila njia.

Hela, na hapa usiishie kuuliza ada shilingi ngapi. Uliza nani analipa na analipa nini: ada, hela ya kujikimu, tiketi, bima ya afya, na hela ya utafiti. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau kabisa. Kama unataka kupima zebaki kwenye mito ya Chunya, kila sampuli ina bei yake maabara, gari lina mafuta yake, na mtu wa kukuonesha njia anataka chochote. Kuna watu wanamaliza masomo ya darasani vizuri kabisa halafu wanakwama mwaka mzima kwenye thisisi kwa sababu ya laki kadhaa za maabara.

Muda, yaani masomo yanachukua muda gani na kazi yako itakuwa wapi wakati huo. Mwenye ajira ya serikali anahitaji ruhusa ya masomo kwa maandishi, na aliyeko kwa mkandarasi ajue kwamba saiti haimsubiri mtu.

Mlango wa kuingilia: GPA, uzoefu, mitihani ya lugha, umri, barua za walimu.

Masomo yenyewe, hapa kuna wale wanaotaka kuwa wabunifu wazuri zaidi wa madaraja, barabara na mitandao ya maji, hao wanahitaji kozi nzito za darasani. Na kuna wanaotaka kuuliza swali jipya na kulijibu, hao wanahitaji utafiti. Ni watu wawili tofauti, na chuo kinachomfaa mmoja kinaweza kumchosha mwenzake.

Cha mwisho ni baadae, ukishamaliza shahada inakufungulia nini, na wapi.

Kabla sijaendelea niseme la ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa sababu linawachanganya wengi. Masta peke yake haikufanyi Mhandisi Mtaalamu. Bodi inaangalia degrii yako ya kwanza ya uhandisi na uzoefu wako wa kazi chini ya usimamizi, na ile programu ya SEAP ya kuwalea wahandisi wapya ni ya miaka 3. Kwa hiyo kama ndoto yako ni kusaini michoro, huenda unachohitaji mwaka huu ni SEAP, masta itakuja baadae na itakukuta unajua unachouliza.

Njia ya kwanza: kubaki Tanzania

Kwa uhandisi wa ujenzi, barabara na rasilimali za maji, watu wengi wanaangalia UDSM, Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, ambayo ilianza kama kitivo mwaka 1973. Msichanganye mambo hapa: tawi la UDSM lililoko Mbeya ni la afya, na Mkwawa ya Iringa ni ya elimu, kwa uhandisi unapanda basi unaenda Dar. Jirani yake kuna Ardhi, iliyokuwa chini ya UDSM kabla ya kuwa chuo kikuu kamili 2007, hiyo iko vizuri upande wa mazingira, maji taka, taka ngumu, mambo ya miji. Arusha pale Tengeru kuna taasisi ya Nelson Mandela, ilianza kupokea wanafunzi 2011 na ilijengwa kwa ajili ya masta na PhD, ina haidrolojia na sayansi na uhandisi wa mazingira, na kwa kuwa ukanda ule maji yana floraidi nyingi kwa asili, mtu wa kusafisha maji anajifunza kwenye tatizo lililoko mlangoni. Na hapa nyumbani tuna MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Iyunga, iliyoanza kama chuo cha ufundi 1986. Pita ofisi yao ya masomo ya juu uulize programu gani za uhandisi zinapokea wanafunzi wa masta mwaka huu, ni mwendo wa daladala tu.

Kwenye hela, wengi wanajilipia au wanalipiwa na mwajiri. Ada ya hapa ni ndogo ukilinganisha na nje, ila Dar ina kodi, ina nauli, ina chakula, na kama una familia Mbeya unaendesha nyumba mbili. Kuna nafasi za udhamini zinazotoka kwenye miradi ya utafiti, na hizi mara nyingi zinajulikana ndani ya idara kabla hazijasikika nje, kwa hiyo mwandikie mhadhiri moja kwa moja umuulize kama ana mradi unaotafuta mwanafunzi. Watu wetu wanaona aibu kufanya hivi kwa walimu wa nyumbani huku wakiwaandikia maprofesa wa Texas bila wasiwasi.

Muda ni mwaka mmoja na nusu mpaka miwili kwenye karatasi, na unaweza kuongezeka hapo kwenye thisisi. Mlango uko wazi zaidi kuliko kwingine: GPA ya 2.7 kati ya 5 ndo kiwango cha chini kinachozoeleka kwa masta, hakuna mtihani wa Kiingereza wala visa.

Masomo yenyewe ndo panapofanya niitetee hii njia. Chukua mfano wa deta za mito. Kwenye mito yetu mingi kuna geji, ile mbao au chuma chenye alama za sentimita kilichosimikwa majini, na kuna mwanakijiji anayelipwa kidogo kwenda kukisoma asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari. Deta hizo zinaishia ofisi za mabonde, Bonde la Rufiji wako Iringa, Bonde la Ziwa Rukwa wako Mbeya. Aliyeko ughaibuni anazipata kwenye faili la Excel. Wewe uliyeko hapa unaweza kwenda kukaa na daftari lenyewe, ukaona wiki nzima ya Machi namba ni ile ile kila siku wakati kituo cha mvua cha jirani kinaonesha ilinyesha kweli kweli, ukajua kwamba hiyo wiki hakuna aliyesoma, namba zilinakiliwa tu. Ukiziingiza hivyo hivyo kwenye modeli, modeli itakudanganya na wewe utamdanganya mwenzio anayejenga kalavati. Ujuzi huo haufundishwi mbali na mto.

Ugumu uko kwenye vifaa na usimamizi. Maabara zipo lakini foleni ipo pia, na msimamizi mmoja anaweza kuwa na wanafunzi wengi pamoja na kazi za ushauri nje. Kabla hujachagua msimamizi ongea na wanafunzi wake wawili watatu, uliza rasimu inarudi baada ya muda gani.

Baadae: shahada inatambulika bila maswali, mtandao wako unakuwa wa watu walewale utakaokutana nao wizarani, TANROADS na kwenye makampuni ya ushauri. Kwa mtu anayetaka kupanda ngazi serikalini hiyo ni mali kubwa.

Njia ya pili: vyuo vya Umoja wa Afrika

Hii njia haizungumzwi sana huku kwetu na inanisikitisha, kwa sababu inawafaa vijana wengi. Chuo Kikuu cha Afrika (Pan African University) kilianzishwa na Umoja wa Afrika 2011 na kina taasisi zake kwenye nchi mbalimbali. Kwa mainjinia kuna mbili za kuangalia. PAUWES iko Tlemcen, kaskazini magharibi mwa Algeria, ni ya maji na nishati, kuna upande wa uhandisi na upande wa sera. PAUSTI iko Juja, Kenya, ndani ya chuo kikuu cha JKUAT, na hiyo ina uhandisi wa ujenzi.

Hela ni udhamini kamili, ada, posho ya kila mwezi, tiketi, bima, na kuna fungu la utafiti. Muda ni miaka miwili na huwezi kusoma huku unafanya kazi Mbeya. Mlango: unashindana na bara zima, na kuna umri, kwa masta mwisho miaka 30 kwa wanaume na 35 kwa wanawake. Kwa hiyo kama una miaka 27 usikae ukisema nitaomba mwakani, omba sasa.

Masomo ni ya darasani na thisisi, na thisisi yako inaweza kuhusu nyumbani. Tlemcen ukitoka nje ya chuo watu wanaongea Kiarabu na Kifaransa, miezi ya kwanza hata kununua mkate ni kazi, mtu asiyependa kujifunza lugha ataona ni adhabu. Juja kwa Mtanzania ni rahisi sana, Kiswahili kinatosha mpaka sokoni.

Baadae faida yake ni wenzako wa darasani. Unakaa na Mkameruni, Mghana, Mmalawi, ambao wanahangaika na maji taka na barabara za vumbi kama wewe, na suluhisho la mwenzio linahamishika. Jina la chuo halijulikani sana kwa waajiri wetu, utalazimika kulieleza kwenye usaili.

Njia ya tatu: Ulaya

Hapa kuna Ulaya tatu tofauti na watu wanaziweka kapu moja.

Ujerumani. DAAD, shirika la Ujerumani linalotoa udhamini wa masomo, wana programu inayoitwa EPOS kwa ajili ya watu wa nchi zinazoendelea wenye uzoefu wa kazi, angalau miaka miwili, na degrii yako isiwe ya zamani kupita miaka 6. Chuo Kikuu cha Stuttgart kina kozi mbili zinazowafaa sana watu wetu, zote kwa Kiingereza, moja ya uhandisi na usimamizi wa rasilimali za maji na nyingine ya upangaji wa miundombinu. Ni miaka miwili, darasa kwanza halafu thisisi. Sasa wapo wanaosema Ujerumani kusoma ni bure. Sehemu kubwa ya vyuo vya umma ndio, hakuna ada, lakini jimbo la Baden-Württemberg ambako Stuttgart iko linatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Na hata penye bure, bila udhamini ubalozi unataka uthibitisho wa hela ya kuishi, tangu Septemba 2024 kiwango kiliwekwa euro 11,904 kwa mwaka kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, unaruhusiwa kuchukua euro 992 kwa mwezi. Piga hesabu kwa shilingi kabla hujauza kiwanja cha Uyole.

Uholanzi. Pale Delft kuna IHE, taasisi ya maji tangu 1957, inafundisha maji tu na wanafunzi wake wengi wanatoka nchi kama yetu. Mtu wa RUWASA au wa ofisi ya bonde akifika pale anakuta wanaongea lugha yake ya kazi kuanzia siku ya kwanza. Bila udhamini hela ni nyingi.

Uingereza. Masta ni mwaka mmoja, wa haraka na mzito, Chevening, udhamini wa serikali ya Uingereza, inalipia lakini inataka uzoefu wa miaka miwili na unasaini kurudi nyumbani angalau miaka miwili. Kwa mtu ambaye mwajiri hawezi kumwachia zaidi ya miezi kumi na miwili hii inakaa vizuri, ila ujue kwamba mwaka mmoja hautoshi kwa utafiti mzito, thisisi yenyewe inafanyika miezi ya mwisho mwisho, ukikaa kuwaza mada mpaka Juni umechelewa.

Mlango wa Ulaya, kwa ujumla, unapenda uzoefu. Hapo ndo mtu aliyefanya kazi Ileje au Makete miaka mitatu anampita mwenye GPA kubwa asiyewahi kushika mradi, kwa sababu insha zao zinauliza umefanya nini na utarudi kufanya nini. Andika vitu vyenye uzito: mradi wa maji ya mserereko wa vijiji vingapi, chanzo kiko wapi, kwa nini bomba lilikuwa linapasuka bondeni, ulifanyaje. IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, ifanye mapema, wengi wa huku wanalazimika kwenda Dar.

Baadae: jina linajulikana, masomo yana muundo mzuri, na programu nyingi zinatarajia urudi. Anayetaka PhD anaweza kuendelea Ulaya, ila nafasi za PhD Ujerumani na Uholanzi mara nyingi zinatangazwa kama ajira, kwa hiyo unaomba kazi.

Njia ya nne: Marekani

Huku kuna maelezo mengi kwa sababu mfumo wao ni tofauti kabisa na tuliouzoea, na watu wanakata tamaa au wanapoteza hela kwa kutoujua.

Idara zao nyingi zinaitwa uhandisi wa ujenzi na mazingira kwa pamoja, ndani yake kuna makundi: miundo ya majengo na madaraja, udongo na misingi, usafiri, haidrolojia, usafishaji wa maji na maji taka, usimamizi wa ujenzi. Unapoomba unachagua kundi, na watu wa kundi hilo ndio wanaosoma maombi yako. Illinois, Berkeley, Texas Austin, Georgia Tech ni majina makubwa, lakini vyuo vya majimbo ambavyo hujawahi kuvisikia vina maprofesa wazuri na hela ya miradi.

Hela iko hivi. Masta peke yake mara nyingi unajilipia, na ni hela ambayo familia nyingi za Mbeya haziwezi kabisa. PhD ndo inalipiwa. Profesa anapata fedha za mradi, anaajiri mwanafunzi kama msaidizi wa utafiti, saa kama 20 kwa wiki, chuo kinafuta ada na unalipwa posho ya kuishi. Wengine wanapewa usaidizi wa kufundisha. Na hiki ndo kitu ambacho wengi hawakijui: Marekani unaweza kuingia PhD moja kwa moja ukiwa na degrii ya kwanza tu, masta unaichukua njiani au huichukui kabisa. Kwa hiyo mtu mwenye GPA nzuri anayependa utafiti asijibane kutafuta masta ya kulipia, aangalie PhD. Fulbright, udhamini wa serikali ya Marekani, nayo ipo, hiyo inalipia na ina utaratibu wake wa kurudi nyumbani.

Muda: masta mwaka mmoja na nusu mpaka miwili, PhD minne mpaka mitano, saa ingine zaidi. Hiyo ni sehemu kubwa ya ujana, na ajira yako ya hapa ichukulie imekwisha.

Mlango unaanza kufunguka mwaka mzima kabla. Masomo yanaanza Agosti, maombi mengi yanafungwa Desemba mpaka katikati ya Januari, kwa hiyo kuwaandikia maprofesa ni Agosti mpaka Oktoba ya mwaka uliotangulia. Vyuo vingi viliacha kudai GRE, mtihani wa kuingilia masomo ya juu, kuanzia 2020 ila vingine bado vinaitaka, soma ukurasa wa idara husika. Ada ya maombi ni dola 60 mpaka 100 hivi kwa chuo, andika uombe wakusamehe, baadhi wanakubali. GPA yako iache kama ilivyo, andika ni kati ya 5, usijigeuzie mwenyewe kwenda 4. Barua za walimu ziombe mapema, mhadhiri aliyefundisha darasa la watu mia hakumbuki sura yako, mpelekee matokeo, ripoti ya mradi wako wa mwaka wa nne na mistari michache ya kumkumbusha ulifanya nini.

Sasa imeili ya profesa, hapa ndo pa kutumia akili. Ukiandika "nina nia ya kusoma chuo chako maarufu" inaishia kwenye takataka. Tuseme profesa anasoma tabia za udongo wa volkano. Wewe umefanya kazi ya barabara Tukuyu. Mwandikie hivi: sampuli zetu za Rungwe tukizikausha kwenye oveni kabla ya kupima, ukomo wa umajimaji (liquid limit) unashuka sana kuliko tukizipima zikiwa na unyevu wake wa asili, na madini ya aina hiyo yakishakauka hayarudi kama yalivyokuwa, kwa hiyo maabara inauelezea udongo ambao haupo barabarani; ningependa kujua hili linaathirije kushindilia tuta kwenye eneo la mvua nyingi. Aya moja tu. Huyo profesa atakujibu, hata kama jibu ni kwamba hana hela mwaka huu, kwa sababu umeonesha umegusa udongo kweli na una swali. Mtu wa haidrolojia naye hana kisingizio, deta za mvua za CHIRPS, za satelaiti na vituo, zinaanzia 1981 na ni za bure, modeli ya SWAT ya maji ya bonde ni ya bure na yenyewe ilizaliwa Texas, HEC-RAS ya mtiririko wa mito bure, QGIS ya ramani bure. Unaweza kukaa Forest hapa Mbeya na bando lako ukachora bonde la Mbarali mwezi huu na kuambatanisha picha moja.

Masomo ni utafiti zaidi, kuna mtihani mgumu wa kupimwa kama unafaa kuendelea na PhD, na maisha yako yanategemea uhusiano na msimamizi mmoja. Majibu yakija na udhamini, vyuo vingi vimekubaliana mwombaji ana mpaka Aprili 15 kuamua, usitishwe kusaini kabla. Masharti ya visa za wanafunzi nayo yanabadilika, kabla hujalipa ada ya maombi hata moja soma tovuti ya ubalozi wao uone hali ikoje kwa Watanzania wakati huo.

Baadae: ukimaliza uhandisi kuna ruhusa ya kufanya kazi ya fani miezi 12 inayoweza kuongezwa miezi 24, na PhD inakufungulia kufundisha vyuo vya hapa na popote. Kwa mtu anayetaka kurudi saiti, miaka mitano ya utafiti ni mingi mno.

Wewe uko wapi

Una ajira RUWASA, TARURA au halmashauri, una mke au mume na watoto, unataka kupanda: anza na vyuo vya ndani, mada uichukue kazini kwako, umshawishi mwajiri achangie gari na maabara kwa sababu matokeo ni yake pia. Kama mwajiri anakuachia mwaka mmoja tu, Chevening.

Una miaka miwili mpaka mitano ya kazi, GPA iko 3.5 au zaidi, unapenda miradi kuliko makala: EPOS ya Ujerumani, na kama wewe ni mtu wa maji angalia Delft na udhamini wake sambamba.

Umemaliza juzi, huna ajira, huna hela, una miaka chini ya 28: PAUWES na PAUSTI, na wakati unasubiri ingia SEAP au ujitolee ofisi ya bonde. Hata ukikosa nafasi hiyo miezi haijapotea.

GPA yako iko juu sana, ulikuwa unafurahia mradi wa mwaka wa nne kuliko mafunzo ya vitendo, na uko tayari kwa miaka mitano: Marekani, PhD moja kwa moja, waandikie maprofesa wachache waliochaguliwa vizuri. Sambamba na hapo omba nafasi moja ya ndani yenye mradi, manake posho ikikosekana huendi.

GPA iko kwenye 2.7 mpaka 3.4 na unaona milango ya nje imebana: masta ya hapa ukaifanya kwa nguvu, ukatoa makala moja nzuri kutoka kwenye thisisi, hiyo inasahihisha rekodi yako na PhD ya nje inawezekana kabisa baada ya hapo.

Na aliyesomea nje akirudi, cheti kinapita TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa kabla waajiri wa serikali hawajakipokea, kwa hiyo tunza nakala za matokeo yako yote na barua ya udahili tangu siku ya kwanza.